Barua Iliyosema Minza Alizima Karasha

Barua iliyomfungulia Minza mlango wa chuo chetu ilianza kwa kusema kwamba alifukuzwa. Katikati ilieleza hasara aliyomtia mwandishi wake. Mwishoni ilionya kwamba binti huyo asipewe pikipiki. Haikuwa na kichwa cha barua wala muhuri, na ukingo wake mmoja ulikuwa na meno ya karatasi iliyochanwa daftarini. Kwa barua hiyo alipata nafasi pekee iliyobaki mwaka wa pili wa umeme, akampita mwombaji mwenye barua ya mihuri mitatu.

Mimi ndiye niliyeipokea dirishani. Ndiyo maana mnapokuja hapa nyumbani, wajukuu zangu, mkaniuliza, "Bibi, nataka kuhama chuo, nimtafute mkubwa gani aniandikie barua?" huwa nawaambia mkae kwanza. Mmeanza na swali la pili kabla ya la kwanza.

Naitwa Mwanaidi. Ofisini waliniita Bi Mwana. Babu yangu alikuja Shinyanga na reli kutoka Tabora, akafungua duka la nguo karibu na stesheni, na sisi wengine hatukuona sababu ya kuendelea na safari. Nilifanya kazi ofisi ya taaluma ya chuo cha ufundi hapa mjini hadi nilipostaafu, na miaka mingi ya mwisho kazi yangu ilikuwa faili za uhamisho. Mwanafunzi amesoma mwaka wa kwanza mahali, kozi imesimamishwa au familia imehama, naye anataka kuendelea kwetu bila kurudia. Anatakiwa kuleta matokeo, ruhusa ya chuo anachotoka, na barua mbili za mapendekezo: moja ya mwalimu, nyingine ya mtu aliyemsimamia kazini wakati wa mafunzo ya vitendo.

Matokeo hayasumbui. Namba ni namba. Kazi iko kwenye barua.

Aliyenifundisha kuzisoma ni Mzee Hamisi, karani wa masjala, mtu aliyekuwa akipanga hata kalamu zake kwa urefu. Siku ya kwanza alinikuta nasoma barua kuanzia juu, akaninyang'anya.

"Mwanangu, barua ya sifa husomwa kuanzia chini."

"Kwa nini, mzee?"

"Chini kuna jina la mtu na namba ya simu. Angalia kwanza kama yupo. Halafu panda katikati, utafute tukio. Sifa za juu acha. Sifa ni kama maji ya kunawa hotelini, kila anayeingia anamiminiwa."

Nilimwitikia, lakini sikumwamini. Nilikuwa nimesoma, yeye aliishia darasa la saba. Haukupita muda nikapokea faili la kijana aliyetoka chuo kingine, barua yake imechapwa kwenye karatasi nene, muhuri juu ya muhuri, ikisema yeye ni fundi hodari wa kuchomelea vyuma. Nikalipitisha kwa mbio, na nikamwonyesha Mzee Hamisi kwa kujidai. Siku ya kwanza karakana, kijana akavaa kofia ya kuchomelea, akafunika uso, akamwuliza mwalimu mbona umeme umekatika. Hakujua kwamba kioo cha kofia ile ni cheusi. Aliyemsifu alikuwa shemeji yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila umeme ulipokatika ofisini, Mzee Hamisi alikuwa anasema kwa sauti, "Bi Mwana, hebu vua kofia."

Tangu siku hiyo nilinunua daftari langu mwenyewe. Kila barua niliiandikia mstari mmoja: nani kaandika, anamjuaje, katoa tukio gani. Kwenye barua nyingi sehemu ya tatu ilibaki tupu.

Ilibaki tupu kwa sababu ya desturi yetu, na nyinyi mnaijua kuliko mimi. Mwanafunzi anamfuata mwalimu. Mwalimu ana madarasa matano na mgonjwa nyumbani. Anasema, "Kaandike mwenyewe, uniletee nisaini." Mwanafunzi hajui kuandika, anakwenda kwa fundi wa steshenari. Fundi anayo moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina tu. "Ni mwenye bidii, nidhamu na anayejituma." Kuna msimu nilipokea barua hiyo hiyo mara nyingi hadi nikaanza kuikariri, na moja ikaja imesahauliwa kubadilishwa katikati: "Hivyo basi, Josephat ni binti mwenye heshima." Nilimpigia mwalimu aliyeisaini. Akacheka, akasema, "Bi Mwana, mimi nilisaini karatasi, sikusoma." Sikumchukia. Alisema kweli, jambo ambalo barua yake haikufanya.

Sasa nirudi kwa Minza.

Alikuja dirishani Jumatano. Dirisha la uhamisho lilikuwa linafungwa Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, na baada ya hapo kamati haiongezi hata jina la mtoto wa mkuu. Alikuwa amesoma mwaka wa kwanza kwenye chuo kidogo cha binafsi huko upande wa Geita. Walimu wa umeme walikuwa wameondoka mmoja mmoja hadi kozi ikasimamishwa. Nyumbani kwao ni wakulima na wafugaji jirani na Masumbwe. Baba yake alishauza ng'ombe kwa ajili ya mwaka ule wa kwanza, na alikuwa amemwambia waziwazi kwamba hatauza wengine ili aanze upya. Kwa hiyo ilikuwa mwaka wa pili kwetu, au arudi nyumbani akalime mpunga. Hakunieleza haya kwa kulia. Aliyasema kama mtu anayesoma mita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Matokeo nimeona, mazuri. Barua ya mwalimu nimeona. Ya msimamizi wa kazini iko wapi?"

Akatoa bahasha mbili.

"Ziko mbili, mama. Sijui niweke ipi."

Bahasha ya kwanza ilikuwa ya steshenari. Niliijua kabla sijaifungua: mwenye bidii, nidhamu, anayejituma, na chini pengo la saini. Fundi alikuwa amemwambia atafute mtu yeyote mwenye muhuri. Ya pili ilikuwa karatasi ya daftari, kalamu ya bluu, maandishi makubwa yanayoegemea kushoto. Ilisema hivi, nami niliinakili yote:

"Kwa Mkuu wa Chuo. Huyu Minza nilimfukuza siku ya gulio. Alikuwa kwangu kwa mafunzo wiki nane. Alizima karasha langu wachimbaji wamepanga mifuko ya mawe hadi barabarani, wote wakaenda kwa jirani. Kesho yake fundi wangu akafungua kisanduku cha mota, akakuta waya umeungua ganda unagusa bodi ya mashine. Mtoto wangu Limbu huegemea hapo akila muhogo. Nilimfuata Minza kwao nikamrudisha. Hachelewi kazini. Ana kiburi kwenye umeme, kwingine hana. Msimpe pikipiki. Mimi Mama Limbu, mwenye karasha, Masumbwe." Na namba ya simu.

Kwa wasiofika huko: karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Likizimwa siku ya gulio ni kama kufunga duka mkesha wa sikukuu.

Nilisoma mara mbili, kuanzia chini.

"Ulizima kweli?"

"Nilizima, mama."

"Alikuruhusu?"

"Hapana. Aliniambia niache mpaka jioni."

"Na pikipiki?"

Akainamisha kichwa. "Hiyo afadhali asingeiandika. Niliingia nayo kwenye muhogo walioanika. Hakuna aliyeumia. Muhogo tu."

Sehemu ya tatu ya daftari langu, ile iliyozoea kubaki tupu, haikutosha. Nikamwambia, "Weka ya Mama Limbu."

"Wataona nilifukuzwa."

"Wataona na sababu."

Aliitazama ile ya steshenari, safi, imenyooka, halafu akanirudishia ya daftari kwa mikono miwili. Nilipoipiga gundi kwenye faili lake, nilijua kwamba nimemchagulia. Akikosa, nitakuwa nimemkosesha mimi. Kazi ya dirishani ni kupokea, si kuchagua.

Alhamisi mkuu wa taaluma, Mwalimu Bundala, akaniita. Yeye mwenyewe alikuwa fundi umeme kabla ya kuwa mkuu, mtu mrefu, mpole, anayependa karatasi zilizonyooka. Mezani alikuwa na mafaili mawili yaliyobaki kwa nafasi ile moja. Matokeo yalilingana karibu sawa. Faili la kwanza lilikuwa na barua ya meneja wa kampuni moja, mihuri mitatu. La pili lilikuwa la Minza.

"Bi Mwana, hii ni barua ya mapendekezo au ni kesi ya kupeleka kwa mtendaji wa kijiji?"

"Ni vyote viwili, mwalimu."

"Haina muhuri. Imechanwa daftarini. Na inasema alifukuzwa! Mimi nikiipeleka kwenye kamati watanicheka."

"Ina namba ya simu, mwalimu. Na ile nyingine inayo. Tupige zote mbili, kesho asubuhi, mbele yako. Swali moja kwa kila mmoja."

"Swali gani?"

"Anakosea wapi?"

Akaguna. Lakini hakukataa.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi nikaweka simu mezani, sauti nje. Nikaanza na meneja.

"Kijana mzuri sana huyo," akasema. "Mwenye bidii, nidhamu—"

"Asante, bwana. Anakosea wapi?"

"Hakosei."

"Kwenu alifanya kazi gani hasa?"

"Aaa... alikuwa pale pale ofisini. Anasaidia."

"Tukumbushe jina lake, tusichanganye mafaili."

Taratibu akasema, "Ngoja kidogo nimpigie baba yake."

Mwalimu Bundala akavua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

Nikapiga namba ya pili. Ilipopokelewa, kwanza tulisikia mngurumo, kama mabati yanaburutwa.

"Mwangaluka mama," nikamsalimu, kwa Kisukuma changu cha sokoni.

"Mwangaluka! Nani mwenzangu?"

"Chuo cha ufundi, Shinyanga. Tunauliza habari za Minza."

"Yoo! Amezima nini tena huko?"

Mwalimu Bundala alicheka hadi akashika meza. Mama Limbu akatusikia, akaanza kujitetea kwamba yeye hakuandika kwa ubaya, kwamba binti ni mzuri ila ni mbishi, kwamba siku ile alitamani kumchapa kwa mwiko. Nikataka kuuliza swali langu, lakini Mwalimu Bundala aliinua mkono. Kisha akaisogeza simu upande wake. Fundi alikuwa ameamka ndani ya mkuu.

"Mama, nina swali dogo. Alizimaje? Alibonyeza kitufe?"

"Kitufe gani! Angebonyeza kitufe si ningewasha tena? Alishusha swichi kubwa, akachomoa zile fyuzi, akazitia mfukoni. Nikamwambia nipe. Akasema, 'Mama, hata ukinipiga sikupi, mpaka kisanduku kifunguliwe.' Akaondoka nazo hadi kwao! Mimi nimebaki na karasha bubu na wateja wananizomea."

"Nani alimfundisha kuondoka na fyuzi?"

"Nimjue mimi? Labda kiburi chake."

Mwalimu Bundala akaniangalia. Kwa wasiosoma umeme nitaeleza alivyonieleza yeye: anayezima mashine yenye hitilafu ndiye anayekaa na kitu cha kuiwashia, mwilini mwake, hadi iwe salama, ili mtu mwingine asije akaiwasha kwa haraka ya pesa na kuua.

"Bi Mwana," akasema, "hilo nalifundisha mwaka wa pili. Nusu ya darasa hulisahau kwenye mtihani. Huyu alilifanya kabla hajafundishwa, mbele ya mwenye mali anayepiga kelele."

"Basi anaingia?"

"Kwangu ameingia. Kwa kamati, bila muhuri haingii. Utaratibu wameuandika wenyewe." Akainamia simu. "Mama Limbu, barua yako inahitaji muhuri wa mtendaji, na ifike hapa leo kabla ya saa tisa na nusu. Picha ya simu hawapokei."

Tulisikia mngurumo tu. Kisha tukamsikia akimwambia mtu pembeni, "Leo gulio."

Halafu simu ikakatika.

Vijana, mimi nimekaa dirishani miaka mingi, lakini sijawahi kuiangalia saa ya ukutani kama siku ile. Minza alikuwa ameketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Saa sita nilimpelekea chai na andazi. Saa saba alikwenda kuswaga mbuzi wa mlinzi waliokuwa wanakula maua, akarudi akaketi. Saa nane kamati ikaingia. Saa nane na nusu nikapiga ile namba, haikupatikana.

Saa tisa kasoro dakika chache bajaji ikaingia langoni bila kumsubiri mlinzi. Akashuka mama mnene, kitenge cha kijani, viatu vyekundu kwa vumbi la njia nzima kutoka Masumbwe. Alikuwa amepanda gari la kwanza hadi Kahama, la pili likapata pancha karibu na Buzwagi, akasimamisha lori la pamba akaja nalo hadi mjini. Minza akasimama.

"Mama Limbu! Na karasha?"

"Nimelizima."

"Leo gulio, mama."

"Kwani kulizima siku ya gulio unajua wewe peke yako?" Akafungua pochi, akatoa fyuzi, akazitikisa mbele ya uso wa binti. "Na hizi nimeondoka nazo. Wasije wakawasha huku nyuma."

Alikuja na barua ileile aliyoiandika upya, muhuri wa mtendaji umegongwa kwa nguvu hadi wino umepenya nyuma. Chini mtendaji alikuwa ameongeza kwa mkono wake: "Ninamfahamu mama huyu. Kuhusu mashine zake hasemi uongo." Mlinzi wa mlango wa kamati alitaka kumzuia. Mama Limbu alimwamkia kwa heshima zote, akampita.

Sikuwamo ndani. Nilichosikia mlangoni ni sauti yake moja tu, ikisema, "Pikipiki hapana, ila umeme mpeni." Kisha kicheko cha watu wengi. Saa tisa na dakika kumi na tano Mwalimu Bundala alitoka na faili, akaliweka mezani kwangu limesainiwa. Minza hakuruka wala hakupiga kelele. Alipiga goti mbele ya Mama Limbu, akamshukuru, "Wabeja, mama," na yule mama, aliyekuwa amepita njia nzima bila kuyumba, akaanza kulia na kututukana sote kwamba tumemfanya alie mbele ya wasomi. Mimi nilijifungia masjala nikacheza. Ndiyo, nilicheza, peke yangu kati ya makabati, na Mzee Hamisi kama angekuwa hai angecheza nami.

Minza alimaliza kwetu, akiwa miongoni mwa wa juu darasani. Leo ni fundi umeme kwenye machimbo huko Geita, na wanafunzi wa mafunzo ya vitendo hupangwa chini yake. Hadi leo hajui kuendesha pikipiki.

Mnaona kwa nini nawaambia msianze na mkubwa? Anza na mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata akiwa mwenye karasha, mwenye gereji au muuguzi wa zahanati. Mwombe aandike tukio moja, na kosa moja. Akisema hana muda, usimpelekee uliyojiandikia. Keti naye, umuulize maswali, aandike majibu. Aweke simu inayopokelewa. Sasa hivi mambo yote ni ya mfumo, barua inapakiwa kwenye kompyuta, na kisanduku cha maelezo ni kidogo kama kiganja. Lakini mahali pa namba ya simu bado pameachwa.

Wiki mbili zilizopita Minza alikuja hapa nyumbani, na safari hii bahasha ilikuwa moja. Ana mwanafunzi anayemsimamia, binti kutoka chuo kilichopungukiwa walimu kama kile cha kwake, anayeomba kuhamia chuo kimoja mbali na hapa. Msimamizi ni yeye, barua ni yake. Alikuwa ameandika kwamba binti huyo aliwahi kuunga waya kinyume, taa za karakana nzima zikazimika, naye akaenda kukiri kwa bosi kabla hajaulizwa.

"Mama, niache hiyo ya taa au niifute?" akaniuliza. "Huko hakuna Bi Mwana dirishani."

Alikuwa anasema kweli. Hata hivyo nikamwambia aiache. Akaipakia palepale sebuleni kwangu, akahakiki namba yake ya simu mara tatu.

Dirisha la uhamisho la chuo hicho linafungwa keshokutwa. Jana jioni nilimpigia nikamwuliza kama kuna mtu amempigia. Akasema simu anatembea nayo mkononi hata kazini, na kwenye mfumo panasomeka neno moja tu, "Linashughulikiwa." Hakuna aliyepiga bado.